Tulimzika Mbele ya Mlango

Dada yangu alirudi nyumbani Naro Moru nyuma ya pikapu iliyobeba magunia ya mchele kutoka Wang'uru. Alikuwa amelala juu ya magunia hayo, amejifunika blanketi hadi mdomoni. Dereva alipofungua nyuma ya gari hakumsaidia kushuka. Alisimama kando akitazama barabara kana kwamba anangoja mtu mwingine. Mama ndiye aliyepanda, akampitishia mikono kwapani, akamteremsha.

"Umerudi," Mama akamwambia.

"Nimerudishwa," dada akajibu.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mumewe, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa amekufa kabla ya mvua za masika, na watu wa mume walishaamua ni nani aliyemuua. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, na hilo nalo liliongezwa kwenye makosa yake. Matanga yalipoisha walimtolea vitu vyake nje, wakamwambia ana kwao.

Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa fundi wa nguo mjini Nyeri, nimekodi nafasi ya cherehani kwenye baraza ya duka. Nilipopata habari nilifunika cherehani kwa shuka, nikamwomba mwenye duka aniangalizie, nikaenda nyumbani. Nilidhani naenda kwa muda mfupi tu. Nilipomwona dada, mifupa ya mabega imejitokeza kama ya mzee, nilijua kwamba sitarudi kazini haraka.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na jina katika nyumba za watu. Redio ililitaja jina, lakini kwenye matanga tulisikia homa ya mapafu, kifua, malaria iliyopanda kichwani. Sokoni watu walisema "kale kagonjwa," huku wakiangalia kando. Dawa za kukazuia zilikuwa bado hazijafika kwetu.

Mwanzoni akina mama wa kanisa walikuja kutuombea. Halafu nadhani waliambiana anaumwa nini. Wakaanza kukaa karibu na mlango, na chai ikiletwa wote walikuwa wamekunywa tayari walikotoka. Mmoja alipokea kikombe, akakishika kwa ncha ya leso yake, akakiweka chini bila kukitia mdomoni. Mama aliona. Alichukua kikombe ambacho dada alikuwa ametoka kunywea, akakijaza chai bila kukisuuza, akanywa mbele yao wote mpaka akamaliza.

"Ina sukari ya kutosha," akasema.

Hawakurudi kwa muda mrefu.

Mama alikuwa mwanamke mdogo wa umbo. Baba alipokufa alitulea peke yake kwa viazi, kabichi na kondoo wachache, kwenye shamba ambalo upepo wa Mlima ulio juu yetu haulionei huruma. Aliomba kwa sauti, na hakuomba kwa kunyenyekea sana. Ukimsikia ungedhani anagombana na mtu wa nyumbani. "Bwana, huyu alikuwa mtoto wako kabla hajawa wangu," nilimsikia akisema akikamua ng'ombe. "Kama hutaki kumponya, niambie usoni. Usinizungushe." Kisha alinyamaza, kama anayengoja jibu, na maziwa yakaendelea kupiga ndoo.

Mungu hakumwambia usoni. Dada alizidi kukonda.

Siku moja tulimtoa nje aote jua. Mawingu yalikuwa yameondoka na Mlima ulionekana wote, na theluji yake. Dada aliutazama, kisha akauliza, "Mama, Mungu ananiadhibu?"

"Kwa kosa gani? Uliolewa, ukakaa na mume wako."

"Watu wanasema."

"Hata kama ungekuwa na makosa," Mama akasema. "Yesu alikufa katikati ya wahalifu wawili. Mmoja wao aliondoka naye, akiwa hivyo hivyo alivyokuwa. Hawa wanaosema wameisoma wapi hiyo Biblia yao?"

Dada alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. Alipopumua tena alisema jambo ambalo sikulitarajia.

"Mimi naogopa udongo. Ni baridi."

Nilingoja Mama amwambie asiogope, atapona, asiseme hivyo. Watu wote walisema hivyo. Mama alimfunika miguu kwanza.

"Hata mimi nauogopa," akasema. "Lakini hautakaa nawe milele. Siku ya ufufuo udongo utakupisha, utake usitake. Nami nitakuzika hapa, mbele ya mlango, ili ukiamka uwe nyumbani. Kama bado nitakuwa hai nitakuja na shuka nikufunike. Kama nitakuwa nimelala kando yako, tutaamshana."

Nilikasirika. Niliona amemzika mtu aliye hai. Lakini dada aligeuza kichwa akapaangalia pale mbele ya mlango, pahali pa kuanikia mahindi, akapaangalia kwa makini kama mtu anayeonyeshwa chumba atakachokaa. Usiku huo alilala bila kuita.

Alikufa alasiri, saa za kazi. Mama alikuwa ameenda kukata majani ya ng'ombe, nami nilikuwa naambua njegere kando ya kitanda. Alitaka maji. Nilimwinua kichwa, akanywa tone, akaniambia yanatosha. Nilipomlaza nilihisi shingo yake imekuwa nzito kwenye mkono wangu. Nilikaa hivyo, mkono chini ya kichwa chake, kwa sababu nilidhani nikiuondoa ndipo itakuwa kweli.

Mama aliingia na mzigo wa majani mgongoni. Alitazama mara moja tu. Mzigo ukaanguka.

"Umefanya nini wewe?" akasema kwa ukali.

Nilianza kujitetea. Kisha nikaona kwamba hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu ya kitanda, mahali pasipo na mtu, na kidole amekinyoosha. Alikuwa anaongea na kifo.

"Umefanya nini kwa mtoto wangu? Umwangalie vizuri. Utamrudisha."

Ndipo akapiga magoti, akalia kwa sauti iliyofanya ng'ombe wainue vichwa.

Tulimpeleka mochari kule Nyeri ili tungoje jamaa wa mbali. Jioni iliyofuata watu walikaa uani kwetu kupanga mazishi. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, ndiye aliyeongea kwa niaba ya ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetupigia paa la mabati tulipofiwa na baba.

"Shemeji," akamwambia Mama, "wazee wameongea. Msichana aliyeolewa akirudi hivi, hazikwi katikati ya boma. Mahali pake ni kule chini, kwenye ua wa miiba ya kaiyaba."

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso imefungwa kiunoni. "Msichana huyu ana jina la nani?" akauliza.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, yule aliyemzaa baba. Dada yangu alikuwa na jina la mama yake baba mdogo, na tangu utotoni baba mdogo alikuwa akimwita "mama," akimletea miwa, akimwinamia kumsalimu huku sote tukicheka.

"Nimekuuliza, ana jina la nani?"

"La mama yangu."

"Basi chukua jembe, nenda ukamchimbie mama yako kule kwenye miiba, pale ng'ombe wanapopitia. Mimi sitakushika mkono. Lakini shimo langu mimi naanzia hapa."

Aliinuka, akaenda nyuma ya jikoni, akarudi na jembe. Mbele ya wanaume wote aliliinua akapiga ardhi mbele ya mlango. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe likaruka. Akapiga tena. Mtu alisema, "Mzuieni." Hakuna aliyemzuia. Alipiga mpaka kilemba kikamwanguka, na kila pigo alitoa pumzi kama mtu anayepasua kuni.

Baba mdogo ndiye aliyemfikia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lete hapa," akasema. "Hiyo si kazi yako." Akavua koti, akachimba. Baadaye vijana walijiunga naye, na hakuna mzee aliyezungumza tena habari za ua.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kesho yake. Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, kwa hiyo mazishi mengi yaliongozwa na mzee huyu. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye duka la pembejeo kando ya barabara kuu, na sauti yake ilikuwa ya upole daima. Aliweka kofia yake gotini.

"Dada, kuhusu ugonjwa," akamwambia Mama. "Tutasema ni homa ya mapafu. Ni kwa ajili ya heshima yako."

"Heshima yangu ilianza kukusumbua lini?" Mama akamuuliza. "Mtoto amelala humu ndani miezi yote hii. Hukupita hata kumshika mkono."

Mzee aliangalia kofia. "Kama utasisitiza kusema, kwaya inaweza kukosa kuja. Watu wanaogopa."

"Basi tutaimba sisi. Sauti zetu ni mbaya, lakini Mungu amezizoea."

Siku ya mazishi, asubuhi, tulienda kumchukua. Nilikuwa nimemshonea dada gauni la kijani lenye kola nyeupe, kwa cherehani ileile ya Nyeri, nikilowesha kitambaa kwa machozi kisha nikikipiga pasi kikauke. Tulipofika tulimkuta amefungwa ndani ya nailoni nzito, kamba zimezungushwa kila upande.

"Mama, huyu hatufungui," mhudumu akasema. "Ni amri. Huyu anaingia kwa sanduku hivi alivyo."

"Amri ya nani?"

"Ya wakubwa."

"Hao wakubwa ndio walimzaa?"

Mhudumu alikuwa mtu wa makamo, aliyechoka, amevaa buti za mvua. Alituangalia, akaangalia gauni mikononi mwangu. "Ati mnataka kumvalisha," akasema polepole, kama anayejisemea. Alienda akafunga mlango, akatuletea glavu na beseni la maji. Kisha akachukua kisu, akakata kamba.

Mama alivaa glavu. Alimwosha dada kifua, mikono, katikati ya vidole vya miguu, bila haraka, kama alivyotuosha tukiwa wadogo siku za Jumamosi. Alipofika usoni alisimama, akavua glavu ya mkono wa kulia, akampapasa shavu kwa kiganja. Mhudumu alinisaidia mimi kupitisha mikono ya dada kwenye gauni. Nilishukuru kwamba nililipunguza kiuno. Lilimkaa vizuri.

"Amependeza," mhudumu akasema. Sijui alishawahi kumwambia nani mwingine hivyo, lakini nilitaka kumkumbatia.

Tuliporudi uani kulikuwa kumejaa. Watu walikuja, naam. Walisimama mbali, nyuma ya zizi, lakini walikuja. Tulimwekea dada miguu upande wa mashariki, jinsi Wakristo wa kwetu wanavyozikwa, ili siku ya parapanda ainuke akiangalia jua linakotoka. Kwetu jua hutokea nyuma ya Mlima.

Mzee wa kanisa alihubiri kwa sauti yake ya upole. Alisema Mungu ana bustani mbinguni, na mwenye bustani hupita asubuhi akichagua ua zuri zaidi. Alisema tusilie sana. Alisema tuseme asante kwa Mungu kwa sababu ni mapenzi yake.

"Hapana," Mama akasema.

Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia. Mzee alinyamaza na Biblia mkononi. Mama akapita mbele, akasimama ukingoni mwa kaburi, viatu vyake vimejaa udongo.

"Mungu hakumchuma mtoto wangu," akasema. "Mungu si mwizi wa maua. Mtoto wangu ameuawa na ukimwi. Nimelitaja. Mmelisikia, na mbingu haijaanguka. Kifo ni adui, Biblia yenu inasema hivyo, adui wa mwisho. Mnataka nimshukuru adui? Bwana Yesu mwenyewe alifika kwenye kaburi la rafiki yake akalia. Alijua atamfufua kabla ya jioni, na bado alilia. Kama kufa kungekuwa kitu kizuri, angelia kwa nini? Kwa hiyo mimi leo nitalia mpaka nichoke. Halafu nitangoja. Wewe kaburi unisikie: mtoto wangu nimekuwekea tu kwa muda. Sikukupa."

Alipomaliza nilienda kusimama kando yake. Nilimshika mkono. Niliwasikia kondoo wakitafuna. Nilifikiri watu wataondoka mmoja mmoja na kutuacha na sanduku letu.

Kisha mwanamke mmoja nyuma ya zizi, mwanakwaya, alianza kuimba wimbo wa Pasaka, wimbo ambao hauimbwi mazishini. Alianza juu mno, sauti ikapasuka. Mwingine akamsaidia. Walikuja mbele wakiimba, na baba mdogo akachukua sepetu, na udongo ukashuka juu ya sanduku kwa mpigo wa wimbo wenyewe.

Sitaki mtu asome haya afikiri kwamba baada ya hapo nilipata amani. Watu waliniambia nitapata amani, na nilingoja. Mvua za vuli zilipokuja kaburi lilitumbukia katikati, likawa kama kitanda kibovu. Nilitoka asubuhi nikaliona, na imani yote niliyoimba ikanitoka. Nilimwambia Mama kwa hasira, "Angalia. Hicho ndicho tunachongoja?"

Alikuja na karai la udongo. "Ni mbao zimeoza," akasema. "Nilijua zitaoza. Mimi sikuweka tumaini langu kwa mbao." Akajaza shimo, akakanyaga kando kwa kisigino, akaenda kulisha ng'ombe.

Kilichobaki ndani yangu hakikuwa amani, na bado si amani. Ni ukaidi. Ninaamini ufufuo wa wafu jinsi mtu anavyokataa kutia sahihi uongo. Wakiniambia dada yangu ameisha, kila kitu ndani yangu kinasimama na kusema hapana, na nimekuja kufikiri kwamba hiyo hapana sikuitengeneza mimi. Iliwahi kusemwa kabla yangu, asubuhi moja ya Jumapili, mbele ya kaburi lililokuwa wazi.

Na watu walianza kuja. Walikuja wakati wa mchana, wakijifanya wanatafuta mche wa mboga ya sukuma au wanauliza kama kuna maziwa. Mwanamke aliyeshika kikombe kwa leso alikuja, akakaa jikoni, akazungusha maneno mpaka chakula kikaiva. Mwisho akasema, "Mwanangu naye. Yuko Nanyuki, amejifungia kwa nyumba." Mama hakumkumbusha lolote. Walienda Nanyuki pamoja wakamtoa.

Mwaka uliofuata, asubuhi yenye umande mwingi, yule mzee wa kanisa alisimama mlangoni. Hakuwa na kofia. Uso wake ulikuwa haujanyolewa, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Ni kijana wangu," akasema. "Amerudi kutoka Nairobi."

"Ana nini?" Mama akauliza.

"Kifua kinamsumbua."

Mama alimngojea. Hakumkaribisha ndani wala kumfukuza. Mzee aliangalia kaburi pembeni yake, akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Ni ukimwi," akasema. Sauti yote ya upole ilikuwa imemtoka. "Mama yake analia tu. Sikujua pengine pa kwenda."

Nakiri kwamba nilitaka Mama amwambie jambo. Nilikuwa na maneno tayari, makali, niliyoyanoa mwaka mzima. Mama aliingia ndani, akatoka na sweta yake na chupa ya uji.

"Wewe mama," akaniambia, maana mimi nina jina la mama yake, "ukamue jioni kama sijarudi."

Niliwasindikiza hadi kwenye njia kuu. Mama alitangulia, mwepesi kama kawaida, mzee akihangaika kumfuata kwenye matope. Bila kugeuka akamuuliza, "Umeshamshika leo?"

"Hapana," mzee akajibu.

"Tangu arudi?"

Mzee alikanyaga dimbwi bila kuliona.

"Basi tukifika utaanza na hilo. Mengine nitakuonyesha."

Kijana huyo alikaa mpaka viazi vikachimbwa, kisha akafa. Alikufa amelalia mkono wa baba yake, na mama yake yuko upande wa pili, na Mama yangu miguuni akisugua nyayo zake kwa mafuta. Mazishini mchungaji mwenyewe alikuja. Kabla hajaanza, mzee aliomba nafasi, akasimama kando ya sanduku mbele ya wateja wake wote na kanisa lote, akataja ugonjwa uliomuua mwanawe. Alilitaja mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilimkwama. Kisha akasema kwamba anamtaka mtoto wake arudishwe, na kwamba amemwambia Mungu hivyo, na ataendelea kumwambia.

"Amina," Mama akajibu kwa nguvu, kabla ya mtu mwingine yeyote.